Sayari inapopata homa: Jinsi vumbi linavyoikausha Mirihi

Mzazi aliyewahi kukesha na mtoto mwenye homa anaijua hali hii. Unagusa paji la uso, linachoma. Unashika nyayo, za baridi. Ukifika zahanati, moja ya mambo ya kwanza utakayoulizwa ni kama mtoto anakunywa, kwa sababu homa hukausha mwili.

Hali inayofanana na hiyo huipata sayari nzima. Sayari hiyo ni Mirihi, ambayo watoto wetu wanaijua zaidi kwa jina la Mars kutoka kwenye katuni na vitabu vya sayansi. Kila baada ya miaka kadhaa vumbi huinuka huko na kuifunika sayari yote. Hewa ya juu inapanda joto, ardhi inapoa, na maji kidogo ambayo sayari hiyo bado inayo yanavuja kwenda angani, yasirudi tena.

Ukurasa huu umezoea kuzungumzia chanjo, lishe na vipele vya ngozi. Wiki hii tunatoka nje ya Dunia kidogo, lakini hatuendi mbali na afya. Watoto wanauliza kama binadamu ataishi Mirihi, na mzazi anabaki hana la kujibu. Jibu lake linaanzia kwenye kitu ambacho kila nyumba inakijua: vumbi.

Mchana uliogeuka usiku

Mwishoni mwa Mei 2018, chombo cha Marekani kinachoizunguka Mirihi kiliona dhoruba ya vumbi ikianza kukua. Katika eneo hilo kulikuwa na roboti yenye magurudumu sita, iitwayo Opportunity. Ilitua huko Januari 2004 ikitarajiwa kufanya kazi siku 90 tu. Ikafanya kazi kwa zaidi ya miaka 14 na kutembea zaidi ya kilomita 45.

Opportunity iliishi kwa umeme wa jua, kama taa za sola tunazotumia vijijini. Vumbi lilipozidi, mwanga ukapungua hadi mchana ukafanana na usiku. Juni 10, 2018 ikawasiliana na Dunia kwa mara ya mwisho. Siku kumi baadaye, Shirika la Anga la Marekani, NASA, likatangaza kwamba dhoruba hiyo sasa imeizunguka sayari nzima.

Wahandisi waliiita kwa miezi kadhaa. Walituma amri zaidi ya 1,000 wakitumaini kwamba vumbi likitua itaamka. Haikuamka. Februari 13, 2019 kazi yake ilitangazwa kuwa imekwisha.

Roboti nyingine, Curiosity, ilikuwa upande mwingine wa sayari wakati huo huo na ikapona. Sababu ni moja: inapata umeme wake kutoka kwenye nishati ya nyuklia, si jua. Iliendelea kupima hali ya hewa ndani ya vumbi lile lile.

Hapa kuna jambo la kumrekebisha mtoto aliyetazama filamu ya The Martian ya mwaka 2015, ambamo upepo wa Mirihi unarusha vyuma na kutishia kuangusha roketi. Upepo mkali wa huko hufika karibu kilomita 100 kwa saa, lakini hewa yenyewe ni nyembamba mno. Mgandamizo wake haufiki asilimia 1 ya ule wa Dunia tukiwa usawa wa bahari. Upepo huo ungekugusa kama upepo mwanana wa jioni. Kwa hiyo Opportunity haikuangushwa na upepo. Ilinyimwa mwanga, na mwanga ndio uliokuwa chakula chake.

Vumbi linavyojiongezea nguvu

Swali la kawaida ni hili: hewa nyembamba namna hiyo inawezaje kuinua vumbi la kufunika sayari?

Vumbi la Mirihi ni laini sana. Chembe zinazoelea angani zina upana wa takriban maikromita 3, wakati unywele wa kichwani una unene wa maikromita 70 hivi. Usifikirie mchanga wa ufukweni, wala hata unga wa sembe. Fikiria moshi. Rangi yake nyekundu inatokana na chuma kilichoshika kutu.

Jua likipiga chembe hizo zikiwa angani, zinanyonya joto na kupasha hewa iliyozizunguka. Hewa yenye joto inapanda, hewa nyingine inakimbilia kujaza nafasi yake, na huo ndio upepo. Upepo unainua vumbi jingine. Vumbi jingine linanyonya joto zaidi, na upepo unaongezeka tena. Ni moto unaojitafutia kuni wenyewe.

Mara nyingi dhoruba kubwa huja wakati Mirihi iko karibu na Jua. Njia yake ya kulizunguka Jua si duara kamili, hivyo inapokuwa karibu hupata mwanga zaidi kwa karibu asilimia 45 kuliko inapokuwa mbali. Dhoruba za ukubwa wa nchi au bara hutokea kila mwaka wa Mirihi, ambao una siku 687 za Dunia. Zile za kufunika sayari nzima huja kwa wastani mara moja katika miaka mitano na nusu yetu, lakini hazifuati ratiba. Zilitokea mwaka 1971, 1977, 2001, 2007 na 2018.

Zikishaanza, hukaa wiki nyingi, pengine miezi. Kwetu mvua moja tu inatosha kusafisha anga, na nyumbani tunanyunyizia maji kabla ya kufagia ili vumbi litulie. Mirihi haina mvua. Hakuna wa kunyunyizia. Vumbi linasubiri kushuka lenyewe, na uvutano wa sayari hiyo ni kama asilimia 38 tu ya ule wa Dunia, hivyo chembe laini kama zile hazina haraka.

Kichwa cha moto, miguu ya baridi

Sasa turudi kwenye homa. Wakati wa kawaida, sehemu kubwa ya mwanga wa jua hupita kwenye hewa nyembamba ya Mirihi na kupasha ardhi. Dhoruba ikija, vumbi linaukamata mwanga huo njiani. Joto linabaki juu, pale vumbi lilipo, na ardhi inakosa.

Katika dhoruba ya mwaka 2001, vipimo vya chombo cha Mars Global Surveyor vilionyesha hewa ya Mirihi ikipanda joto kwa nyuzi 30 za Selsiasi hivi. Kwa mwili wa binadamu, kupanda nyuzi mbili tu tayari ni homa. Kwa sayari ambayo wastani wa joto lake ni nyuzi 60 hivi chini ya sifuri, ongezeko hilo haliifanyi iwe ya joto, lakini linabadilisha kila kitu kinachotokea angani mwake.

Chini mambo ni kinyume. Mchana ardhi inapoa kwa sababu jua halifiki vizuri. Usiku, vumbi linafanya kazi ya blanketi: linarudisha joto chini, na baridi inapungua makali. Curiosity iliyapima yote mawili mwaka 2018, mchana wa baridi zaidi na usiku wenye nafuu. Tofauti kati ya mchana na usiku, ambayo Mirihi ni kubwa mno, ikapungua.

Kuna badiliko la tatu lisiloonekana kwa macho. Hewa ikipata joto inatanuka, kama puto lililoachwa juani. Angahewa yote inavimba kwenda juu. Mwaka 1997, Mars Global Surveyor ilikuwa inajipunguzia mwendo kwa kupita kwenye ukingo wa angahewa hiyo. Dhoruba ya eneo moja tu ilipozuka Novemba, hewa ya juu ikawa nzito kuliko ilivyotarajiwa. Kwa waongozaji wa vyombo vya angani hilo ni jambo la hatari: unapita mahali ulipozoea, ghafla unakuta ukuta mzito zaidi wa hewa.

Homa inavyokausha

Hili ndilo jambo ambalo wanasayansi wamelielewa vizuri zaidi katika miaka ya karibuni.

Mirihi ilikuwa na maji. Zaidi ya miaka bilioni 3 iliyopita kulikuwa na mito na maziwa, na alama zake bado zipo. Shimo kubwa ambamo Curiosity inafanya kazi liliwahi kuwa na ziwa. Leo kilichobaki ni barafu kwenye ncha za sayari na chini ya ardhi, pamoja na mvuke kidogo sana angani.

Kwa kawaida mvuke huo una kifuniko juu yake. Ukipanda, unakutana na baridi kali, unaganda na kuwa mawingu ya barafu, na safari inaishia hapo. Ni kama mfuniko wa sufuria: mvuke unapiga juu, unageuka matone na kurudi chini.

Dhoruba ya vumbi inafunua sufuria. Hewa ikiwa ya joto, mvuke haugandi mapema na unapanda hadi kilomita 60, 80 na zaidi kutoka ardhini. Huko juu hakuna cha kuukinga na miale mikali ya jua. Maji yanavunjwa na kubaki haidrojeni na oksijeni. Haidrojeni ndiyo nyepesi kuliko vitu vyote, na uvutano dhaifu wa Mirihi hauwezi kuishikilia yote. Sehemu yake inaondoka moja kwa moja. Ikishaondoka, maji hayo hayawezi kuundwa tena.

Chombo cha Marekani kiitwacho MAVEN, kilichoanza kuizunguka Mirihi mwaka 2014, kilikuta maji kwenye kimo cha kilomita 150 hivi, mahali ambapo hayakutarajiwa kuwapo. Wakati wa dhoruba ya 2018, kiasi chake huko juu kiliongezeka mara 20 hivi. Kisha mapema mwaka 2019 ikatokea dhoruba ndogo zaidi, ya eneo moja. Vyombo vitatu vikaitazama kwa pamoja, viwili vya Marekani na kimoja cha Ulaya, kila kimoja kikipima kitu chake: joto na vumbi, mvuke, na haidrojeni inayotoroka. Walikuta kwamba hata dhoruba ile ndogo iliongeza upotevu wa maji takriban mara mbili.

Ushahidi mwingine ni kama kipimo cha damu kinachoonyesha ugonjwa wa muda mrefu. Kuna haidrojeni ya kawaida na kuna haidrojeni nzito. Nyepesi inatoroka kirahisi, nzito inabaki. Katika maji ya Mirihi leo, sehemu ya ile nzito ni kubwa mara tano hivi kuliko kwenye maji ya Dunia. Maana yake, maji mengi mepesi yameshaondoka.

Vumbi si mkosaji peke yake. Mirihi ilipoteza ngao yake ya sumaku zamani sana, na tangu hapo chembe zinazotoka kwenye Jua zimekuwa zikiichuna hewa yake. Maji mengine yalinaswa ndani ya mawe. Lakini dhoruba ni homa inayorudi rudi. Kila moja inachukua kidogo, na katika mamilioni ya miaka kidogo hicho si kidogo tena.

Vumbi hilo na mapafu ya mtu

Mtoto wako akisema anataka kuwa mtu wa kwanza kutoka kwetu kukanyaga Mirihi, usimvunje moyo. Ila ajue kinachomsubiri.

Hewa ya huko ni kabonidayoksaidi kwa asilimia 95 hivi, kwa hiyo hakuna wa kuivuta. Mtu atakaa ndani ya nyumba iliyofungwa na atatoka akiwa na vazi maalumu. Tatizo ni kwamba vumbi litaingia naye. Tuna mfano wa Mwezini. Desemba 1972, mwanajiolojia Harrison Schmitt wa safari ya Apollo 17 alirudi ndani ya chombo akiwa na vumbi kwenye vazi lake. Pua ikaziba, macho yakatoa machozi, akapiga chafya kama mtu mwenye mzio. Yeye alikaa Mwezini siku tatu tu.

Pua na koo zetu hunasa chembe kubwa. Zilizo ndogo kama za Mirihi hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, na huko ni vigumu kuzitoa. Sehemu ya vumbi hilo ni silika, kitu kile kile kinachoharibu mapafu ya wachimbaji wanaopasua mawe bila kinga. Mwaka 2008 chombo cha Phoenix kiligundua pia kwamba udongo wa Mirihi una chumvi ziitwazo perkloreti. Hizi huizuia tezi ya shingo isipate madini joto, yale yale tunayoyatafuta kwenye chumvi ya mezani ili kuepuka goita.

Hapo ongeza dhoruba. Sola zinafifia, safari za nje zinasimama, na vumbi linakaa juu ya kila kitu kwa miezi. Daktari wa Mirihi atakuwa na kazi, na hospitali ya karibu itakuwa umbali wa safari ya miezi sita au zaidi. Ndiyo maana kuchunguza dhoruba hizi si mchezo wa matajiri wanaopenda nyota. Ni kama kumpima mgonjwa kabla ya upasuaji.

Kazi hiyo haifanywi na Marekani na Ulaya pekee. Wenye ndugu Dubai na Abu Dhabi huenda wamesikia kwamba Februari 2021 Umoja wa Falme za Kiarabu ulifikisha chombo chake Mirihi. Kinaitwa Al-Amal, yaani Tumaini, na kazi yake kubwa ni kufuatilia hali ya hewa ya sayari hiyo, vumbi likiwamo.

Somo lililorudi Duniani

Novemba 1971, Mariner 9 ilikuwa chombo cha kwanza kuzunguka sayari nyingine. Ilipofika, hapakuwa na cha kupiga picha. Vumbi lilikuwa limefunika kila kitu isipokuwa vilele vya volkano nne ndefu, vikichomoza kama visiwa. Waongozaji wake waliamua kusubiri. Vyombo viwili vya Kisovieti vilivyofika wakati huo huo havikuweza kubadilishiwa ratiba, vikashusha mashine zake katikati ya dhoruba. Moja ilianguka na kuvunjika. Nyingine ilitua, ikatuma ishara kwa sekunde chache, ikanyamaza.

Mariner 9 ilisubiri hadi mapema 1972, vumbi likatua, na picha zake zikaonyesha mabonde makavu yaliyochimbwa na maji ya zamani. Lakini kusubiri kwenyewe kulikuwa na faida. Wanasayansi waliona kwa vipimo kwamba vumbi angani linapasha hewa na kupoza ardhi.

Baadhi yao, akiwamo Carl Sagan na James Pollack, walibaki na swali: ingekuwaje Dunia yetu ikijazwa moshi na vumbi? Mwaka 1983, wakiwa na wenzao watatu, walichapisha hesabu zao kuhusu vita vya nyuklia. Moshi wa miji inayoungua ungeweza kulizuia jua, kuleta baridi na kuharibu mazao, hata katika nchi ambazo hazikupigana. Hesabu hizo zimebishaniwa na kurekebishwa tangu wakati huo, lakini onyo lake lilisikika duniani kote. Vumbi la Mirihi lilisaidia watu wa Dunia kuiogopa vita.

Jaribuni nyumbani

Chukueni glasi mbili za maji. Moja tieni kijiko cha mchanga, nyingine kijiko cha udongo laini uliochekechwa. Korogeni zote mbili, kisha mtoto amulike tochi ya simu kutoka upande mmoja na kutazama upande wa pili.

Mchanga utazama mara moja na mwanga utapita. Udongo laini utabaki unaelea, na mwanga utafifia au usipite kabisa. Ziacheni hapo hadi kesho yake asubuhi, mtoto aangalie ni muda gani tope limechukua kutua. Hapo ataelewa kwa nini Opportunity ilisubiri jua lisilokuja.

Akiuliza tena kama watu wataishi Mirihi, mwambie ukweli: huenda, lakini kwanza lazima wajue kuishi na vumbi lake. Akiuliza maji ya Mirihi yalikwenda wapi, mwonyeshe sufuria jikoni iliyofunuliwa mfuniko. Na usiku mawingu yakipita mbele ya mwezi, mwambie mawingu hayo yana kazi kubwa kuliko kuleta mvua. Yanaturudishia maji yetu.